Sauti Iliyopita Jiweni

Paukwa!

Pakawa!

Mlio hapa karibu nami mmeitika upesi. Nyie mlio kule mlangoni mmechelewa kidogo, lakini msione haya, si kosa lenu. Sauti nayo ni msafiri, na msafiri hutegemea njia. Haya, sogeeni, maana kisa cha leo kinahusu safari hiyo hiyo.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisemezana, palikuwa na mama mmoja mjane, Bi Pimbi. Pimbi mnamjua: kimo cha sungura, mkia hana, nyumba yake ni nyufa za majabali. Jabali lake lilikuwa refu ajabu. Lilianza mlangoni kwake kule juu, likateremka lote mpaka bondeni, likaishia kisimani kama ulimi unaolamba maji.

Mwaka huo jua liliwaka bila huruma. Mito ikakauka, madimbwi yakakauka, kikabaki kisima kile tu, pamoja na kijito chembamba, cha kulowanisha ulimi tu, kilichoteremka kutoka karibu na kwa Bi Pimbi kikazunguka chini ya jabali mpaka kisimani. Alikuwa na watoto wawili, na yule mdogo midomo ilikuwa imempasuka kwa kiu. Bi Pimbi akimtazama, moyo unamuuma.

Basi akaja Fisi. Zamani aliishi mbali, ng'ambo ya nyika. Alipoona kwake kumekauka, alihama na wanawe, akachimba tundu mchangani, pua na mdomo na kisima. Kisha akatangaza: "Maji haya hayatutoshi. Kisima kitakuwa cha mmoja. Tupige kelele!"

Desturi yao ilikuwa hivyo. Mali ikigombewa, kila mmoja hupiga kelele akiwa mlangoni kwake, wote kwa wakati mmoja, na shahidi husema ni sauti ya nani iliyomfikia kwanza. Hurudia mara tatu. Mbili za kwanza ni za kupimana; ya tatu ndiyo hukata maneno. Sasa mmeelewa kwa nini Fisi alihamia karibu? Mjanja yule!

"Lakini Kaka Fisi," Bi Pimbi akasema, "wewe mlango wako uko hapa, wangu uko kule juu."

"Dada yangu, nani alikutuma kujenga mbali?" Fisi akacheka. "Paza sauti kwa mdomo, kwa kwato, hata kwa meno! Sitalalamika."

Shahidi akawa Kobe, mlinzi wa kisima, ambaye ni mzito wa kutembea lakini hasemi uongo. Mwewe akapaa angani. Akikunja mbawa, hiyo ndiyo ishara.

Siku ya kwanza Kobe alikaa majanini. Mwewe akakunja mbawa.

"Yangu! Yangu! Yanguuu!" akalia Fisi.

"Yetu! Yetu! Yetuuu!" akalia Bi Pimbi, mpaka koo likamkauka.

"Ya Fisi imefika kwanza," akasema Kobe. "Ya Bi Pimbi imekuja nyuma inachechemea."

Siku ya pili jua lilikuwa kali zaidi, na Kobe akajitumbukiza kisimani, kichwa na vyote. Bi Pimbi naye koo lilikuwa bado limemkauka. Aliinama kijitoni alowanishe ulimi, na mdomo ukiwa bado majini, Mwewe akakunja mbawa! Akalia humo humo: "Ye-blu! Ye-blu! Ye-bluuu!" Watoto wake wakacheka mpaka wakasahau kiu.

Kobe akaibuka, macho yamemtoka. "Ajabu! Zimefika pamoja."

Bi Pimbi alirudi kwake akiwaza. Mimi niko mbali, kijito kinapinda, na bado nimemfikia Fisi! Kumbe majini sauti hukimbia kuliko hewani. Akawakumbuka wanawake wanaopokezana ndoo moto ukizuka. Wakisimama mbalimbali, kila mmoja hutembea na ndoo, inachelewa. Wakisimama bega kwa bega na kushikana sawasawa, ndoo inaruka. Hewa imetawanyika. Maji yamebanana. Je, ni nani aliyebanana na kushikamana kuliko maji?

Akatazama chini. Alikuwa amesimama juu yake.

Lakini itafaa nini, ikiwa Kobe atakaa tena majanini, au majini? Bi Pimbi hakupata usingizi.

Siku ya tatu Fisi mwenyewe akampa dawa. Alikuja anafoka: "Mzee Kobe, toka majini! Humo mna uchawi. Leo kaa pakavu, juu ya jiwe lile, nikuone!"

"Hewala," akasema Kobe. Akapanda pale jabali linapoishia, akalaza tumbo lake juu ya jiwe, akatulia.

Mwewe akakunja mbawa.

"Yangu!" akalia Fisi.

Bi Pimbi hakulia. Aliinua jiwe kwa mikono miwili, akalipiga jabali. Ko!

Kobe akaruka, na mara ngapi mmemwona Kobe akiruka? "Ya Bi Pimbi!" akapaza sauti. "Imenigonga tumboni, ndipo nikasikia 'Yangu' yako!"

"Hiyo si sauti, ni kishindo!" akabisha Fisi.

"Ulisema kwa mdomo, kwa kwato, hata kwa meno. Ulisema hutalalamika," akamjibu Kobe.

Fisi akakiacha kisima. Akawakusanya wanawe, wakashika njia ya nyika kavu. Kitoto kimoja kilichoka kabla hawajafika popote, kikalala palepale juu ya jabali, midomo imekipasuka.

Bi Pimbi aliwaona kutoka juu. Alikiona kitoto kile kimelala, akamkumbuka wake. Jamani, uchungu wa mwana haujui pimbi wala fisi. Akainua tena lile jiwe. Ko! Ko! Kisha akaita kwa nguvu zake zote.

Kitoto kikainua kichwa. "Baba, kuna mtu anabisha hodi."

"Nani wa kutubishia hodi sisi?" akasema Fisi. "Amka, twende."

Na hapo ndipo ile sauti ya hewani ikawasili, imechoka, inahema: "Yetu! Rudini mnyweee!"

Fisi aligeuka. Alirudi akiwa ameinamisha kichwa, na mpaka leo ndivyo anavyotembea. Wakanywa kwa zamu, na maji yakatosha mpaka mvua iliponyesha.

Wajukuu zangu, anayesema "yangu" hupaza sauti bure. Neno hukimbia pale palipo na walioshikamana, na neno jema ndilo la kuharakishwa kuliko yote.

Kisa changu kimefika kwenu. Kama kuna asiyekisikia, na alaze sikio chini. Mimi nalaza ulimi.