Bega la Msuguaji wa Yeongdo

Katika bafu moja la umma huko Yeongdo, mjini Busan, wasuguaji wa migongo walikuwa kadhaa, lakini foleni ilikuwa ya Tak Mal-sun tu. Alimsugua mteja hadi nongo zikadondoka kama maganda ya viazi, na mteja akatoka mwekundu kama kamba aliyechemshwa, tena akishukuru! Kazi hiyo ilimmaliza bega la kulia, akawekewa kiungo bandia cha chuma. Akarudi kazini kifua mbele. Mwaka haujaisha, bega likaanza kuuma na kukakamaa, hata kuchana nywele kukawa vita.

Homa hana, uvimbe hana, usaha hana. Hata hivyo, mchawi alimpata upesi: Gil-ja, msuguaji mwenzake, aliyemkanda bega kwa mafuta baada ya upasuaji.

"Mikono yako michafu ndiyo iliyonitia ugonjwa!"

"Dada, mimi nashinda majini kutwa. Kama mimi ni mchafu, basi samaki naye ananuka kikwapa," Gil-ja akajibu, akaondoka amevimba kama andazi.

Daktari Pyo, bingwa wa mabega, alikata vipande vidogo vya nyama kando ya kiungo, akavipeleka maabara kuona kama kijidudu kitaota. Wiki ya kwanza hakikuota kitu.

"Basi hakuna kitu. Nipe dawa ya maumivu nikafanye kazi," Mal-sun akasema.

"Tulia, mama. Ninayemshuku ni mvivu, haamki mapema."

Wiki ya pili mvivu akaamka. Chupa za maabara zikachafuka: bakteria wameota.

"Wa Gil-ja huyo!"

"Wako. Huishi ndani kabisa ya ngozi ya bega, hata mimi ninaye. Ngozi ilipopasuliwa, akateremka hadi kwenye chuma."

"Mimi? Mimi niliyesugua nusu ya Busan?"

"Hata ujisugue ubaki mifupa, mama, taulo lako la kusugulia halimfikii."

"Basi nipe vidonge."

"Vidonge peke yake havimwezi. Amejifunika utando juu ya chuma, lazima tuking'oe. Tukimwacha, atatafuna mfupa hadi tukose pa kushikizia kiungo kingine."

Mal-sun akautazama mkono uliomlisha maisha yake yote. "Nitasugua tena?"

"Ukikubali sasa, naamini utasugua."

"Noa kisu."

Daktari Pyo akang'oa kile chuma, akasafisha kila pembe, akaweka kiungo cha muda cha saruji ya mifupa iliyochanganywa na dawa. Mal-sun akameza vidonge kwa wiki nyingi, akilalamika kama mvua ya masika. Vipimo vilipotoka safi, akawekewa kiungo kipya. Mkono ukapanda juu ya kichwa bila kelele.

Siku aliyorudi bafuni, alimshika Gil-ja mkono mbele ya wateja wote. "Mdogo wangu, nilikusingizia. Lala hapa nikusugue."

Gil-ja akajilaza, shavu juu ya meza. "Haya, lakini usiniambukize!"

Bafu zima likaangua kicheko, Mal-sun akiongoza. Alimsaka adui kwenye mikono ya mwenzake, kumbe adui alikuwa akioga naye kila siku. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.