Kisima cha Buluu

Hapo kale si mbali sana, Bwana Machano alikuwa na vyumba ishirini vya kupangisha, na wapangaji wake hawakuwa na choo hata kimoja. Chake alikitia kufuli.

"Kichaka hicho hapo mlimani," alimwambia Mwantumu, dobi wa chumba cha mwisho. "Choo cha nini?"

"Basi tupe ruhusa mbele ya watu, Bwana, asije mtu akatufukuza."

Ruhusa ikatoka, na kicheko juu yake.

Alhamisi Mwantumu alikwenda kisimani kwa Bwana Machano kumfulia kanzu zake za Ijumaa, kama ilivyo ada. Kesho yake uji wa bwana uliiva rangi ya mbingu. Wali nao samawati. Akatoka nje akitema mate, meno ya buluu, ulimi wa buluu, na wapangaji wote wakijiuma midomo.

"Mwantumu, kisima changu kina nini?"

"Sijui, Bwana. Ila siku hizi tukitoka kichakani tunamwagia buluu ya nguo, inzi wasitue. Kumbe mvua inateremsha yote kwako?"

Bwana Machano aliikumbuka miaka yote aliyokunywa maji yale, akakimbilia nyuma ya nyumba kutapika. Kabla ya adhana ya adhuhuri mafundi walikuwa wanachimba vyoo vinne, bondeni, mbali na kisima.

Jioni Mwantumu alikikung'uta kikapu chake cha kufulia. Kichakani hakupeleka hata chembe ya buluu. Paketi zote saba alizimimina kisimani Alhamisi, kati ya kanzu ya tatu na ya nne.