Mablanketi Saba ya Ketura

Wahenga hawakuwa na haraka waliposema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maana yake si ngumu: dhiki ya mtu huijua yeye aliye ndani yake, nasi tulio nje huona mashuka yaliyotandikwa tukasifu. Lakini jamani, ni wangapi kati yetu huikumbuka methali hiyo tunapofungua kinywa kumsema mwenzetu? Bright hakuikumbuka, naye alikuwa mtoto wa kuzaa.

Mama yake aliitwa Ketura, mjane wa miaka hamsini na mitatu, mwanamke msafi aliyefagia ua wake hata kabla majogoo hayajamaliza kuwika. Maisha yake yote ya ndoa aliishi Kilembe, bondeni, kwenye nyumba za mgodi, ambako upepo wa mlimani hushuka kila jioni na watu hulala wamejikunyata. Huko blanketi ni heshima. Mkwe akija kuposa huleta blanketi la mama, mtoto akipata kazi, mshahara wa kwanza humnunulia mama blanketi, na kadiri linavyolemea mabega ndivyo watu wanavyosema, "Huyu anapendwa." Anayeleta blanketi jepesi, afadhali asilete kitu.

Mwaka 2013 mto Nyamwamba ulifurika, ukabeba nyumba ya Ketura na vyote vilivyokuwamo. Aliokoka na nguo aliyovaa. Watoto wake walimlilia, wakamhamishia Kasese mjini, katika nyumba ya vyumba viwili iliyoezekwa mabati. Kisha wakafanya kile ambacho watoto wa mlimani hufanya mama akipatwa na msiba: wakaleta mablanketi. Mabinti watatu, wakwe watatu, na Bright, ambaye lake lilikuwa na picha ya simba wawili na uzito wa kumshinda mbeba mizigo. Mablanketi saba! Majirani walikuja kuyashika, wakatikisa vichwa kwa wivu.

Loo, hawakujua. Kasese si Kilembe. Huku chini tambarare jua hupiga mabati mchana kutwa, na usiku mabati hulirudisha joto lote yaliyolipokea. Tena Ketura alikuwa amefika umri ule ambao mwili wa mwanamke huwaka wenyewe bila kuni. Joto lilianzia kifuani, likapanda shingoni, likamwacha amelowa chapachapa. Akitupa blanketi, jasho lilikauka na baridi ikamrukia, meno yakagongana. Akijifunika tena, moto ukarudi. Basi alitoka nje, akaketi kwenye benchi la barazani na kitenge begani hadi damu ipoe. Angemwambia nani? Mama mzima hamwelezi mwanawe wa kiume habari za mwili wake, na aliyepewa zawadi hailalamikii. Upande wa pili wa kitanda ulikuwa wa marehemu, naye hakuwa wa kuulizwa.

Aliyemwondolea upweke ni Resty, binti wa Bright, mwenye miaka sita. Bright alikuwa wakala wa forodha huko Bwera, mpakani, akamleta mtoto asome Kasese na kukaa na bibi yake. Resty alilala upande wa ukutani kama gogo, na asubuhi alisimulia ndoto zake zote bila kuruka hata moja, huku uji ukipoa. Ketura alikuwa akiishi kwa ajili ya uji ule.

Sasa, mwanamke anayekaa nje peke yake usiku wa manane, kwetu ana jina moja tu. Yunia, jirani wa upande wa pili wa ua, alimwona mara ya kwanza akanyamaza. Mara ya pili akamwambia mumewe. Mara ya tatu mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba mama wa Kilembe ni mchawi wa usiku. Maneno hayo yalipanda gari, yakashukia Bwera. Bright alikuja katikati ya muhula, akakunja nguo za Resty bila kumtazama mama yake usoni.

"Atasomea Bwera," alisema. "Watu wanaongea, Mama. Unafanya nini nje usiku?"

"Napunga upepo, mwanangu."

"Usiku wa manane? Na mablanketi yote yale tuliyokuletea?"

Resty aliondoka akigeuka nyuma kila hatua. Kesho yake Ketura alipika uji wa watu wawili kwa mazoea, akanywa wa mmoja. Wiki tatu nzima hakuna mtu aliyemsimulia ndoto.

Hapo akapiga moyo konde. Akipata kitu cha kujifunika ambacho hakitamchoma, atalala ndani kama watu wengine, maneno yatakufa, na mtoto atarudi. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani.

Sokoni Kasese alimkuta mchuuzi akipaza sauti: "Blanketi la barafu! Shika mwenyewe, Mama! Feni kaiuze!" Lilikuwa la rangi ya fedha, likiteleza na kung'aa. Ketura aliweka kiganja, na kweli, lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Alinunua mbio mbio, hakuuliza hata swali moja. Usiku ule lilibaki baridi kwa muda wa kusali Baba Yetu mara mbili. Baada ya hapo lilimganda mwilini kama mfuko wa nailoni, jasho likakosa pa kwenda. Akatoka barazani tena. Mlango wa Yunia ukalia kwii, ukafungwa.

Ijumaa, siku ya soko, alilikunja blanketi la simba wawili, akalifunga kwa kamba, akatia lile la fedha mkobani, akaenda nayo Mpondwe, pale Bwera, ambako Wakongo huvuka mpaka na bidhaa zao, atafute wa kubadilishana naye. Hakupita karibu na ofisi ya mwanawe. Alizunguka hadi akafika kwa mwanamke mnene mwenye rozari shingoni, Anastasie wa Butembo, aliyekaa juu ya marobota ya nguo akijipepea kwa kipande cha katoni. Wote wawili walikuwa wakitiririka jasho. Wakatazamana, wakacheka bila kujuana.

"Mama, weye pia unawaka moto?" Anastasie aliuliza. "Miye inanianzaka hapa, kwa kifua."

Kwa miaka miwili Ketura hakuwa amesikia mtu akiitaja hali ile kwa kinywa. Machozi yalimtoka palepale, sokoni, mbele ya watu. Akaeleza yote: mabati, mablanketi, baraza, mtoto. Mwisho akalitoa lile la rangi ya fedha.

"Hii ilikudanganya," Anastasie akasema. "Mukono inajua baridi ya dakika moja tu. Usiku iko na saa mingi. Weka nguo kwa mudomo, upulize. Pumuzi ikipita, joto nayo itapita. Ikikurudia kwa uso, achana nayo."

Ketura alipuliza la fedha. Pumzi yote ikamrudia usoni. Akapuliza la simba. Sawa na kupuliza ukuta. Anastasie akafukua chini ya marobota, akatoa blanketi jeupe la pamba, lililofumwa matundu madogo madogo, la aina ile wanayofunikwa wagonjwa hospitalini. Ketura akalipeleka mdomoni, na pumzi ikapita hadi kwenye kiganja alichokiweka upande wa pili.

"Hili halionekani kama kitu cha heshima," alisema kwa wasiwasi.

"Haiko ya kuonesha batu, Mama. Iko ya kulala." Anastasie akalipima la simba kwa mikono, akatabasamu. "Kwetu Butembo baridi iko mingi. Mama yangu atafurahi na hii sana. Tubadilishane."

Wakabadilishana. Usiku ule Ketura alilala. Joto lilipokuja lilipita kwenye matundu likaenda zake, na jasho lilipokauka pamba ilimkinga na baridi. Hakutoka nje hata mara moja. Alfajiri alinyoosha mkono upande wa ukutani, akakuta patupu. Usingizi aliupata, wa kumwambia kwamba ameupata hakuwapo.

Jumamosi jioni Bright alifika, uso umemkunjamana. Watu wa sokoni walikuwa wameshamfikishia habari.

"Mama, umebadilisha blanketi langu sokoni! Mbele ya wateja wangu! Wananiuliza kama nimeshindwa kukutunza. Blanketi la simba kwa kitambaa cha hospitali! Umekosa nini?"

Ketura alimaliza kuosha sufuria, akajifuta mikono.

"Umekuja kunigombeza, sawa. Lakini leo utalala kitandani mwangu, ujifunike mablanketi ya dada zako. Asubuhi ukiamka, nigombeze utakavyo."

"Mama, mimi nina safari kesho."

"Usiku mmoja tu, Bright. Nilikubeba miezi tisa, sikukuuliza habari za safari."

Bright akanywea. Mama yake alitandika mkeka sebuleni, akamwachia chumba. Kwa ubishi tu, Bright alijifunika mawili kwa pamoja. Saa tano alitupa la kwanza. Saa sita akatupa la pili. Saa saba shati lilikuwa limemganda mgongoni na mabati juu yake yakitoa joto kama tanuri la matofali. Akanyata hadi nje, akaketi kwenye benchi. Upepo ulimpiga kifuani, akashusha pumzi. Ndipo aliposikia mlango wa pili ukilia, na sauti ya Yunia ikinong'ona gizani.

"Yuko nje tena, mchawi huyu. Hata aibu hana."

Aliyeambiwa hivyo ni yeye. Bright alitaka kusimama apige kelele, lakini akabaki palepale akijiuliza mama yake alikuwa amelisikia neno hilo mara ngapi, peke yake, kwenye benchi hilo hilo. Akalia kwa sauti ya chini, mwanamume mzima, na hakuona haya.

Asubuhi hakugombeza. "Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Ungeniambia nijifunike vizuri."

Na kweli, ndivyo hasa angesema.

Jumapili iliyofuata alimrudisha Resty. Ketura alisimama ndani ya mlango, mikono ameinyoosha, lakini mtoto hakuingia. Alikuwa ameishika suruali ya baba yake kwa mikono miwili. Watoto wa Bwera walikuwa wamemwambia mengi.

"Baba," aliuliza, wazi kabisa, jinsi watoto wanavyouliza, "ni kweli Bibi ni mchawi?"

Ketura aliishusha mikono taratibu. Katika kila usiku aliokaa barazani peke yake, hakuna uliomuuma kama mchana ule. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Bright angeweza kumkemea mtoto. Mwezi mmoja nyuma angemkemea. Alichuchumaa mbele yake.

"Resty, nitazame. Mimi nimelala katika kitanda kile."

"Uliona nini?"

"Joto. Joto tupu, mwanangu. Bibi hutoka nje kwa sababu ya joto. Na mimi nilitoka vilevile."

"Wewe, Baba? Ulitoka nje usiku?"

"Nilitoka. Na jirani akaniita mchawi."

Resty alimkazia macho baba yake, masharubu na yote, kisha akacheka hadi akashika tumbo. Akaiachia suruali, akavuka kizingiti, akaanza kumsimulia bibi yake ndoto za wiki nyingi, bila mpangilio wowote, na Ketura akaketi chini sakafuni amsikilize.

Yunia hakuomba radhi, wala hajaomba hadi leo. Ila Bright aliwapigia simu dada zake watatu, mmoja mmoja, akawaambia mama asiletewe tena mablanketi mazito. Wote watatu walikuja juu. Blanketi jepesi kwa mama mzazi? Watu watasema nini? Bright hakubishana nao. Kila mmoja alimwacha aseme hadi achoke, kisha akampa jibu moja tu: "Njoo kwanza ulale hapa usiku mmoja." Kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.