Joho Lililokalia Kigoda cha Sultani

Paliondokea sultani akiitwa Mukhtari bin Ghalibu, na mji wake ukiitwa Shamsuni, nami namtanguliza yeye kwa sababu ya adabu tu, maana hekaya hii si yake, na laiti angeifanya ile kazi yake ya siku moja kwa mwaka isingekuwako hekaya yenyewe, nami ningekuwa nimejilalia. Lakini mmekwisha kukaa, na kahawa mmekwisha kunimiminia, basi sikilizeni.

Mji wa Shamsuni haukuwa na kuni wala makaa. Milima yake ilikuwa mitupu na baridi yake kali, na watu wake wa kwanza walikuwa wakila unga mbichi uliokorogwa kwa maji, hata alipotokea babu wa babu yake Mukhtari, akamshinda jini wa moto aitwaye Lahabu, akamfunga ndani ya mabomba ya shaba yapitayo chini ya ardhi, na tangu siku hiyo matanuri yakawaka bila kuni, na hamamu zikafuka mvuke, na taa za barabarani zikang'aa bila mafuta. Walakini jini hafungwi bure. Wakaandikiana agano, kwamba kila mwaka, siku ya kwanza ya Mfungo Nne, sultani mwenyewe atashuka katika chumba kilicho chini ya Mtaa wa Matanuri, mahali lipitapo bomba mama, na atakaa juu ya kigoda kisicho na egemeo, mgongo wake wazi ukigusa shaba, na mgonga shaba atagonga bomba kwa nyundo, nao wawili watasikiliza. Na yeyote mwenye mgongo wake pale siku ile, neno lake ni amri, na jini atapanda au atashuka kama atakavyoambiwa.

Sultani wa kwanza akakaa, na mwanawe akakaa, na mjukuu akakaa akatoka na malengelenge, akawaita wafua shaba siku hiyohiyo waibadili shaba. Ghalibu, babake Mukhtari, alikaa mara mbili, akasema, "Waka," kisha akaugua kiuno, akawa anampeleka ndugu yake, na ndugu yake naye alikuwa bubu wa woga, hasemi kitu. Na Mukhtari alipotawazwa, waziri wake wa moto, mtu mpole mwenye sauti ya asali aitwaye Badawi, akamshauri kwamba mgongo wa kifalme usisumbuliwe, lipelekwe joho lake tu. Basi joho la hariri likavishwa kigoda, na watu wakaliinamia, na wakaliuliza, Maulana waonaje, na joho kwa kuwa ni joho halikujibu, na Waziri Badawi akaandika kwamba Maulana hakuona tatizo. Msicheke. Mngekuwapo na nyinyi mngeinama.

Mgonga shaba wa zama hizo alikuwa mwanamke, Bi Zuwena binti Shekue, aliyeirithi nyundo kwa babake. Shaba nene ikigongwa huimba, na shaba iliyolika hukohoa, na Bi Zuwena alikuwa amekisikia kikohozi kile kwa miaka tisa, na kila mwaka kilizidi. Na palipokohoa zaidi ni chini ya tanuri la mwanawe wa pekee, Raya, muoka mikate, ambaye chumba chake cha kulala kilikuwa hapohapo nyuma ya tanuri, kwa ajili ya joto.

Kila mwaka Bi Zuwena akaenda kwa waziri, na kila mwaka waziri akampa kiti na halua, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akamwambia kwamba maneno yake ni mazito, na serikali imeyapokea kwa mikono miwili, na yanafanyiwa kazi. Na shaba mpya ikaagizwa kweli, mizigo kwa mizigo, ikaja mjini kwa ngoma, kisha ikaezekwa juu ya kuba la kasri, kwa hoja kwamba bomba liko chini ya udongo na hakuna mgeni aliyesafiri ili kutazama udongo. Badala yake waziri akaleta kasuku mia moja waliofunzwa, akawatundika kila njia panda, na kazi yao ilikuwa kusema, "Kuko salama, kuko salama," tangu alfajiri hata magharibi. Bi Zuwena akafika mahali pa kutokasirika tena. Alikuwa akirudi nyumbani, anavua viatu, anakaa akiutazama ukuta.

Ikawa mwaka wa tisa, siku moja kabla ya siku ya kigoda, alipoweka sikio lake kwenye bomba mle chini chumbani, akaisikia sauti ya Lahabu, nayo ilikuwa sauti ya mtu aliyefanya kazi miaka mia bila kupumzishwa.

"Binti Shekue," akasema jini, "shaba chini ya kitanda cha mwanao haimalizi juma."

Bi Zuwena akamsihi ajizuie, japo kidogo, japo mahali hapo tu.

"Mimi ni moto. Niliambiwa niwake, na aliyeniambia amekufa, na tangu hapo hakuna aliyenena nami, naletewa kitambaa tu. Kuwaka ni kazi yangu. Kunizuia ni kazi yenu, nami nimechoka kuwangojea."

Bi Zuwena akapanda ngazi moja kwa moja hadi kwa Raya, akamkuta unga mpaka kwenye nyusi, kwa kuwa harusi yake na Sefu mfinyanzi ilikuwa imebakiza siku tano na mikate mia tatu ilikuwa haijaokwa. Akamwambia ahame leo hii. Raya hakumpigia kelele, ingekuwa afadhali. Alimwambia polepole, huku akikanda, kwamba amelisikia jambo hilo tangu hajavunja ungo, na kila mwaka ni juma hilihili la mwisho, na majirani wanamwita mtoto wa mama hofu.

"Nikizima tanuri nitakula nini, mama? Nitakula hofu yako?"

Na kweli miaka minane yote bomba lilikuwa halijapasuka, na mtu aliyesema kweli miaka minane bila kutokea kitu hana tofauti na mwongo. Bi Zuwena akambusu kwenye paji la uso, akaenda zake na unga mdomoni.

Kulipokucha wakashuka chumbani, waziri na makatibu na askari wanne, na joho likaketishwa. Bi Zuwena akagonga mara tatu, na bomba likakohoa mara tatu, na waziri akachovya kalamu. Hapo Bi Zuwena akaiweka nyundo chini, akaliendea joho, akalivua kigodani, na wote wakaona kwamba mgongoni mwake hariri ilikuwa imeungua na kutiwa viraka, kiraka juu ya kiraka, kazi ya fundi hodari. Akalikunja vizuri, maana hakuwa mtu wa fujo, akampa waziri mkononi. Kisha akafungua mgongo wake, akakaa.

Shaba ikamuunguza mara moja. Askari wakamwona akiuma kanga yake, wakasita, maana hakuna aliyepata kumgusa mtu aliye juu ya kigoda kile. Na Bi Zuwena akasema, "Lahabu, shuka."

Na jini akashuka. Matanuri yakazimika, na taa zikazimika, na mikate ya Raya ikasimama nusu mbichi nusu mbivu, na mji wote ukatoka barabarani ukiuliza, na kasuku wakawajibu kwamba kuko salama.

Waziri Badawi akamwambia Bi Zuwena kwa upole uleule kwamba amekosea sana. Askari mmoja akauliza kwa unyenyekevu, je, si Mheshimiwa Waziri aketi yeye amwambie jini apande, jambo liishe? Waziri akakumbuka kwamba ana kikao. Lakini hakufika mlangoni, kwa sababu mlangoni alikuwa amesimama Sultani Mukhtari mwenyewe, amevaa shuka la kuogea, na povu kichwani, kwa kuwa maji ya hamamu yalimgeukia kuwa barafu, na hilo ndilo lililomleta, si jingine.

"Nani aliyethubutu kukalia kiti changu?"

"Mimi, Maulana," akasema Bi Zuwena, akainuka kwa shida, na ngozi yake ikabaki kwenye shaba. "Kilikuwa kitupu. Keti wewe, umwambie apande, na mimi nikatwe kichwa."

Sultani akaketi kwa hasira, mgongo wake ukagusa bomba. Bi Zuwena akaokota nyundo, akagonga. Na kikohozi kile, ambacho miaka tisa alikisikia peke yake, kikampita sultani mbavuni na kumtoka kifuani, na vigamba vya shaba vikamwangukia mabegani. Akafumbua kinywa aseme, panda. Akakifumba. Akafumbua tena. Juu yao ukasikika umati ukidai moto.

"Neno moja tu, Maulana," akasema waziri. "Raia wanangoja."

"Njoo ulitamke wewe, Badawi, ukiwa umekaa hapa nilipokaa."

Waziri akainama, akatazama joho alilolishika. Sultani akamgeukia Bi Zuwena na uso wake ulikuwa umezeeka, akamuuliza kwa nini hakumwambia.

"Nimekwambia mara tisa, Maulana. Nililiambia joho."

Sultani akamwamuru jini asipande. Kesho yake kuba la kasri likabanduliwa, likafuliwa kuwa mabomba, na Badawi akavuliwa uwaziri akapewa kazi ya kuwalisha kasuku. Bi Zuwena akaahidiwa sanduku la fedha na nyumba mlimani, naye akaomba apumzishwe kazi. Wengine husema tangu hapo sultani alikaa mwenyewe kila mwaka hata kufa kwake, na wengine husema mwaka wa nne kiuno kilimuuma. Mimi sikuwapo, wala sina nguvu ya kubishana.

Lakini hayo yote yalichukua siku arubaini, na siku arubaini za baridi na unga mbichi si mchezo, na mji haukumlaani sultani wala waziri, ulimlaani Bi Zuwena. Walimmwagia mlangoni maji ya vyombo. Harusi ya Raya ikafanywa kwa tende na maziwa baridi, na wageni wakanung'unika, na bibi harusi hakumtazama mamake, aliyelala kifudifudi nyumbani akiuguza mgongo.

Siku ya arubaini wafua shaba wakafika kwenye tanuri la Raya, wakachimba, wakakata kile kipande cha bomba, wakakiweka barazani ili wapumue. Raya akatoka akakitazama. Akakigusa kwa kidole gumba, wala hakusukuma, alipapasa tu kama anavyopapasa unga, na kidole kikapita, kikatokea upande wa pili.

Akakaa kizingitini akalia. Kisha akaenda hadi kwa mamake, akachukua mafuta ya nazi, akaanza kumpaka mgongoni.

"Nisamehe, mama. Nilikuwa nalala juu yake."

"Najua, mwanangu," akasema Bi Zuwena, bila kuinua kichwa. "Wewe ulikuwa ukilala. Mimi ndiye niliyekuwa silali."

Akafumba macho, na usingizi ukamchukua hapohapo, mkono wa mwanawe ukiwa mgongoni. Basi enyi mnaosikiliza, mkiambiwa kuko salama, mwambieni aliyesema aje akae. Hekaya imeishia hapo nami nimeishiwa. Anipe shuka aliye karibu na shuka.