Mbwa na Paka Waliowekwa Ndani

Ngano yangu hiyoo!

Ije tuione!

Inakuja kwa miguu au imebebwa?

Kwa miguu!

Basi ni ya kwangu. Sogeeni, na wewe mwenye miguu mirefu ikunje, moto huu si wa babako.

Hapo kale palikuwa na mwanamke akiitwa Sikudhani. Alikuwa na shamba la mtama, chakula chake cha mwaka mzima, na walinzi wawili. Mbwa akifukuza nyani shambani tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Paka akilinda ghala, panya wasionje hata punje. Sikudhani akala, akashiba, akaota kiburi.

Mwaka huo jirani yake, Mwanamvua, akatoa mwali. Binti alikuwa amewekwa ndani muda mrefu, hashiki jembe, hakanyagi uwanja, analishwa na kusuguliwa liwa. Siku ya kutoka aling'aa, akabebwa mabegani, kijiji kizima kikapiga vigelegele. Sikudhani hakulala kwa kijicho. Yeye hakuwa na binti. Basi unajua alifanya nini, bibi huyo mwenye akili za kuazima? Akamweka ndani mbwa. Akamweka ndani paka. Akafunga mlango, akajifanya kungwi, yule mfunzi wa mwali. Mbwa, jamani, anapakwa liwa!

Mtama ulipotoa masuke, Mbwa akakwaruza mlango.

"Mama, nifungulie nikakimbie. Miguu inakufa ganzi."

"Lala, mwanangu. Mwali hakimbii."

Mtama ulipoanza kujaa, Paka akakwaruza mlango.

"Mama, nifungulie nikaruke. Mgongo unakakamaa."

"Lala, mwanangu. Mwali haruki."

Mtama ulipoiva, wakakwaruza wote wawili, na kwa shida, maana hata kuinua kucha ilikuwa kazi.

"Mama, tufungulie tutembee. Kutembea tu."

"Laleni, wanangu. Mwali hatembei."

Mwanamvua akamwambia, shoga, binti yangu anakwenda kuolewa, hawa wako wanakwenda wapi? Sikudhani akamjibu kwamba wivu utamuua. Wivu! Nani wa kumwonea wivu mbwa aliyenenepa mpaka shingo imepotea?

Siku ya kutoka ikafika, mchana kweupe. Ngoma zikalia. Mbwa akabebwa na vijana wanne, wote wanahema. Paka akaja amekalishwa kwenye ungo, kajaa ungo mzima. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, naye Sikudhani akadhani wanamshangilia.

Nyani wakazisikia ngoma. Mkubwa wao akapanda kichuguu, akauliza kama Mbwa yupo. Wenzake wakamwambia yupo, lakini amebebwa. Nyani wakaingia shambani.

Sikudhani akapiga ukelele, akamwamuru Mbwa awakamate. Mbwa akashushwa. Hatua ya kwanza, akahema. Hatua ya pili, akayumba. Hatua ya tatu, akakaa chini, ulimi nje. Nyani mmoja akaja akamtazama, akampa kisogo, akaendelea kuvunja suke. Na huko ghalani panya walikuwa wanafagia punje za mwisho, Paka anawaangalia kutoka kwenye ungo.

Sikudhani akafunga kibwebwe, akakimbia mwenyewe. Akiwafukuza upande huu, wanaingia upande ule. Alikimbia mpaka jua likazama, na mtama uliobaki haukujaa kapu.

Akarudi miguu imevimba, akamkuta Mbwa amejilaza mkekani. Akakaa chini, akalia, kilio cha kweli sasa.

"Mwanangu, mwaka huu nitakula nini?"

"Sijui, mama. Wewe ndiye kungwi wangu, na ulichonifundisha ni kulala."

Hapo ngano yangu imeishiwa pumzi. Mbwa na paka wanataka mbio na michezo kila siku, kama wanavyotaka chakula. Ukimpenda kwa shibe na mkeka tu, humpendi, unamlemaza. Na asiyemkimbiza mbwa wake, atakimbia badala yake.

Wewe unayecheka hapo nyuma, nyamaza. Juzi nilipopita kwako paka alikuwa amelala, na aliyenikaribisha ni panya.