Fremu ya Bi Sikudhani

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, simu zilipokwisha kujua kupiga picha lakini watu bado wakichagua nyumba kwa kugonga ukuta na kunusa choo, alikuwepo mjane mmoja mjini Morogoro akiitwa Bi Sikudhani. Mumewe, marehemu Mzee Kibwana, alikuwa dereva wa treni. Walijenga nyumba yao taratibu, chumba baada ya chumba, mpaka ikawa nyumba ya kupendeza: sakafu nyekundu inayong'aa, baraza pana, mpera uani.

Binti yao pekee aliolewa Mwanza. Akajifungua mapacha. Akapiga simu akilia na kucheka kwa pamoja: "Mama, huyu akinyamaza yule anaanza. Njoo ukae nasi. Uza nyumba, uje moja kwa moja."

Bi Sikudhani akaja kijiweni kwetu madalali. Ofisi yetu ilikuwa benchi la mbao mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Mvua ikinyesha, ofisi imefungwa. Tukampisha mama wa watu akae.

"Wanangu," akasema, "nauza nyumba. Udalali wenu mtagawana kwa desturi yenu, hayo siyajui. Lakini nina fremu kule barabarani, kile chumba ambamo marehemu alifungua duka alipostaafu. Hiyo siiuzi. Atakayeniuzia nyumba nitamkabidhi ufunguo, akae humo bure maadamu niko hai. Ila ni mtu mmoja. Fremu ile ni ndogo, mkiingia watatu mmoja wenu atatoa miguu nje."

Loo! Benchi zima lilisimama. Dalali mwenye fremu si dalali tena, ni ofisi. Ana meza, ana kiti cha mgeni, ana jina lake limeandikwa ukutani. Mteja akimtafuta haambiwi, "Mwangalie kwenye kahawa, kama hayupo mwangalie kwenye bao."

Wa kwanza kukimbia alikuwa Kobelo. Kobelo alikuwa na mdomo na miguu, na vyote viwili havikuwahi kupumzika. Siku ileile alipiga picha baraza, akapiga sakafu, akapiga mpera, akazisambaza kwa kila aliyemjua na asiyemjua. Wateja wakaanza kumiminika.

Akaja mwalimu na mkewe. Bi Sikudhani akawakaribisha, akawapa chai, akawazungusha. Walipofika chumba kikubwa, akasimama mlangoni akasema, "Na humu ndimo marehemu alimokata roho. Kitanda kilikuwa hapa. Kichwa alikilaza huku." Mwalimu akamshika mkewe mkono. Wakaaga, hawakuonekana tena.

Akaja mfanyabiashara wa mbao. Akakaribishwa, akanywa chai, akazungushwa. "Na humu ndimo marehemu alimokata roho. Kichwa alikilaza huku." Akaaga, hakuonekana tena.

Wakaja maharusi wapya, wameshikana mikono. Chai, mzunguko, chumba kikubwa. "Na humu ndimo..." Bibi harusi alitangulia kufika getini.

Kobelo akashika kichwa. "Mama, nisamehe kwa swali langu. Nyumba hii inauzwa au inaombolezewa?"

"Inauzwa, mwanangu. Mimi nasema kweli tu."

Kobelo akarudi benchini akiwa amevimba kama andazi. Wengine wakacheka, wakakata tamaa na fremu ile. Mwantumu hakucheka.

Mwantumu alikuwa mwanamke pekee pale kijiweni, mtu wa maneno machache. Kesho yake akaenda kwa Bi Sikudhani bila mteja wala simu ya picha. Akamkuta anachambua mchele uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mteja yuko wapi?"

"Leo sina mteja. Nipe ungo wa pili."

Wakachambua mchele. Wakazungumza habari za mvua, za bei ya nyanya, za mapacha wa Mwanza. Mwishowe Mwantumu akauliza, polepole, bila kuinua macho, "Mama, kweli unataka kuuza?"

"Nataka. Wajukuu wananingoja."

"Basi mbona unawafukuza wanunuzi?"

Bi Sikudhani akaacha kuchambua. Kuku wakasogelea ungo, asiwafukuze. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua, "Mwanangu, watu watakuja, watapaka rangi mpya, watapachika mapazia yao. Nani atajua kwamba Kibwana aliishi humu? Nikiondoka mimi, itakuwa kama hakuwahi kuwepo."

Mwantumu akamfuta machozi kwa ncha ya khanga yake mwenyewe. Halafu akasema, "Basi tumuage kwanza, mama. Nyumba iuzwe baadaye."

Ijumaa ile wakapika. Majirani wakaja, mashekhe wakasoma dua, na baada ya wali kila mtu aliyekuwa na lake juu ya Mzee Kibwana akalisema. Mmoja akasimulia alivyosimamisha treni ili ng'ombe wa watu wavuke salama. Mwingine akasimulia alivyokuwa akipiga honi ndefu kila treni ikikaribia mjini, mkewe ajue atie maji ya chai motoni. Uani pakawa na kicheko hadi watu wakashika mbavu, na aliyecheka zaidi alikuwa Bi Sikudhani mwenyewe. Kesho yake akagawa nguo za marehemu, akafungua madirisha ya chumba kikubwa, akafagia.

Wiki hiyohiyo Kobelo akaleta mteja mwingine, Selestina, fundi wa kushona magauni ya harusi. Selestina alikuwa amechoka na nyumba za kupanga. Kila alikohamia alifukuzwa kwa kelele za vyerehani vyake. Alikuwa mbana matumizi wa miaka mingi, na sasa alitaka mahali ambapo hakuna atakayemgongea ukuta.

Akakaribishwa, akanywa chai, akazungushwa. Walipofika chumba kikubwa, Kobelo akafumba macho akingoja balaa.

Bi Sikudhani akasema, "Chumba hiki kina upepo mzuri. Na mwanga unaingia pande zote mbili."

Kobelo akafumbua macho.

Selestina akasimama katikati ya chumba, akanyoosha mkono wake kwenye jua kana kwamba anapima kitambaa. "Hapa," akasema, "hata uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe nitauona." Wakakubaliana papo hapo wakutane kwa mwenyekiti wa mtaa, waandikiane.

Kabla ya siku hiyo, Selestina akaomba aione nyumba mara moja tena, apime vyumba. Kobelo alikuwa amesafiri kwenda Kilosa kwa ajili ya shamba la mtu, kwa hiyo akampigia simu mwenzetu Damas: "Ndugu yangu, nisindikizie mteja wangu. Fungua mlango, funga mlango, basi."

Damas akafungua mlango. Selestina akapima. Walipokuwa wanatoka, akageuka akauliza, "Kaka, nyumba hii ina tatizo gani?"

Sasa, sisi madalali tuna majibu ya swali hilo. Kuna anayesema, "Haina." Kuna anayejifanya simu yake imeita. Damas akasema, "Masika yakikolea, maji huingia jikoni. Yanafika hapa," akaonyesha alama ya unyevu nyuma ya mlango wa jikoni.

Selestina akaitazama alama ile. Akakunja futi yake. Akaenda zake.

Habari zikamfikia Kobelo Kilosa kabla hajashuka kwenye pikipiki. Alirudi mbio, akamkuta Damas benchini. "Umenitilia mchanga kitumbua changu! Nilikuambia ufungue mlango, nani alikuambia ufungue mdomo?"

"Aliniuliza," Damas akasema.

"Kuulizwa! Mimi huulizwa kila siku!"

Bi Sikudhani naye alisononeka. "Maji yenyewe yanakuja msimu wa mvua tu," akasema. "Nami sikuulizwa." Binti akapiga simu tena, mapacha wakilia nyuma yake, akiuliza mama atakuja lini.

Selestina alikwenda kwa madalali wengine. Akaonyeshwa nyumba Kihonda, akaonyeshwa nyumba Mazimbu, akaonyeshwa nyumba Bigwa. Kila mahali aliuliza swali lilelile, na kila mahali alijibiwa, "Haina tatizo lolote, dada." Moja ilikuwa na ufa wa kuingiza kiganja, na dalali wake aliegemea ufa huo akisema haina tatizo.

Ndipo siku moja akatokea kijiweni kwetu, akasimama mbele ya benchi. "Mji mzima nyumba hazina kasoro," akasema. "Ni ile moja tu yenye kasoro ninayoijua. Basi hiyo ndiyo ninayoweza kulala ndani yake. Nitachimba mtaro. Nipelekeni kwa mama."

Wakaandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Selestina akapata nyumba, Bi Sikudhani akapata nauli na akiba ya uzee, madalali wakagawana chao. Hapo hapakuwa na ugomvi. Ugomvi ukaja pale Bi Sikudhani alipotoa ufunguo wa fremu kwenye pindo la khanga, akauliza, "Haya wanangu, nani ameniuzia nyumba?"

Kobelo akaruka. "Mimi, mama! Nani alipiga picha? Nani alileta wateja, mmoja baada ya mwingine, hata walipokuwa wanakimbia? Na Selestina mwenyewe, nani alimtoa aliko akamfikisha mlangoni kwako? Bila mnunuzi, wema na ukweli vingeuza nini?"

Bi Sikudhani akatikisa kichwa kukubali. "Kweli. Bila wewe nisingemjua Selestina."

Mwantumu akasema, "Mama, mimi sikuleta mteja hata mmoja. Lakini nyumba haiuzwi kabla mwenyewe hajaiachia. Kobelo alileta wanunuzi, ukawafukuza. Hata Selestina angekunywa chai yako akaaga, asionekane tena."

Machozi yakamlengalenga Bi Sikudhani. "Kweli. Bila wewe ningekuwa bado naonyesha kitanda cha marehemu."

Damas alikuwa akitazama viatu vyake. "Mimi nilitumwa kufungua mlango tu," akasema. "Lakini dada huyu alipoamua kununua, alishaona nyumba nyingi, na madalali wake walikuwa na midomo kuliko mimi. Alirudi kwa sababu ya neno moja nililomwambia."

"Neno lililotaka kutuua!" Kobelo akadakia.

"Na lililomrudisha," Selestina akasema.

Bi Sikudhani akamtazama Damas. "Kweli. Bila wewe asingerudi." Halafu akaongeza, "Na bila wewe asingeondoka."

Mwenyekiti wa mtaa akakunja hati ya mauzo. Nje dereva wa bajaji akapiga honi, maana basi la Mwanza halimngojei mtu na mizigo ilishapangwa. Bi Sikudhani akasimama na ufunguo mkononi. Akamtazama Kobelo aliyemleta mnunuzi. Akamtazama Mwantumu aliyemtuliza muuzaji. Akamtazama Damas aliyesema kweli.

Ufunguo ni mmoja, wenzangu, na fremu haikai watatu. Haya, ninyi mnaonisikiliza, semeni: mngekuwa ninyi Bi Sikudhani, na bajaji inanguruma mlangoni, ufunguo ule mngemwachia nani?