Ubao Uliookota Pini

Ndugu zangu, kuna seremala mmoja nataka mkutane naye asubuhi hii. Mzee wa watu, fundi hasa, tena mpenzi wa vipindi vya salamu. Kila wiki alijaza kadi yake ya salamu akaituma redioni, na kila Jumamosi redio yake kubwa ilimtaja mkewe mtaa mzima ukasikia: salamu zimfikie mke wangu, pambo la nyumba yangu. Wanawake wa jirani walimwonea gere yule mama. Mimi ningekaa mtaa ule ningehama, maana nyumbani pasingekalika.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na macho yalishaanza kumwacha. Pini zikimdondoka mkekani hazioni. Siku moja mjukuu wao, ndiyo kwanza anatambaa, akachomwa na pini gotini. Binti yao akambeba mtoto mgongoni, akasema kwa adabu, lakini bila kuzunguka, kwamba hamrudishi mpaka sakafu ile iwe salama. Mnajua bibi anavyokuwa akinyang'anywa mjukuu?

Jumamosi ikafika, redio ikamwaga salamu kama kawaida. Mzee akageuka kutafuta tabasamu la mkewe. Akamkuta amepiga magoti, anapapasa mkeka kwa viganja vilivyojaa alama za kuchomwa.

"Salamu zako nimezisikia, mume wangu," akasema taratibu. "Je, pini nazo zimezisikia?"

 Jumatatu mzee akaifungua ile redio, akang'oa sumaku zote mbili za spika. Akachukua ubao wa mninga, akauchimba kwa patasi, akazifukia humo na kuziba kwa gundi. Akaupitisha juu ya pini. Wapi! Mbao iliyobaki chini ya sumaku ilikuwa nene mno. Akapiga randa, akajaribu, akapiga tena, mpaka ikabaki nyembamba kama ukucha. Hapo pini zikaruka zenyewe, zikang'ang'ania mti. Akautia mpini mrefu kama wa ufagio, magoti ya mkewe yapate kupumzika.

Jumamosi iliyofuata nyumba ilikuwa kimya. Mkewe akamtania kwamba leo hakusalimiwa, ameshapata pambo lingine nini? Mzee akampa ule ubao, akamwonyesha namna ya kuusukuma. Mama akapita nao mkeka mzima, akaugeuza, akagusa pini zilizojipanga. Kisha akaliona lile boksi la redio kwenye kona, tupu. Akaelewa, akalia huku anacheka.

"Salamu zimefika," akasema.

Wiki ile ile mjukuu alirudi, akatambaa atakavyo.

Sasa, ndugu zangu, kuna mninga wowote porini unaookota pini? Hakuna. Ule ulichimbwa kwanza, tena ukachongwa mpaka ukaumia. Na sisi je? Sisi ni hodari wa salamu. Tunamwambia mgonjwa tuko pamoja, tunamwambia mjane tunakuombea, kisha haoo, tunaenda zetu. Upendo tunao, sikatai. Lakini tumeufunika kwa mbao nene, na pini bado ziko sakafuni.

Hata spika hizi zinazowaletea sauti yangu zina sumaku ndani. Kwa hiyo kabla sijawauliza ninyi, najiuliza mimi niliyesema nusu saa nzima: nyumbani kwangu, ni nani amepiga magoti anapapasa mkeka?